Zile Laini za Rangi Kwenye Picha ya Ubongo, Ni Waya?

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu yuko chuo, juzi kanionesha kwenye simu picha ya ubongo imejaa laini nyekundu na bluu, ananiambia eti ndo sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Mi fundi umeme nikamuuliza, hizo ni waya kweli au mtu kachora tu? Kimya. Nisaidieni. – Fundi, Tanga

JIBU: Fundi, si waya, ni hesabu. Mashine ya MRI (ile inayopiga picha ndani ya mwili kwa sumaku) haioni seli zikiongea, inachofuata ni oksijeni kwenye damu pale sehemu inapofanya kazi, tena inachelewa sekunde kama tano hivi. Unalazwa humo umetulia tu, kila sehemu ya ubongo inatoa mchoro wake wa kupanda na kushuka, halafu wanapima korelesheni, yaani hii ikipanda na ile inapanda? Zikienda pamoja vya kutosha, ndo wanachora laini kati yake. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Marekani walikuta sehemu za kushoto na kulia zinazoendesha mikono zinapanda na kushuka pamoja hata mtu akiwa hafanyi kitu.

Sa we utanielewa haraka: nyumba mbili umeme unakatika na kurudi dakika ileile, utasema kuna waya toka hii kwenda ile? Labda ziko fezi moja tu. Ndo maana wengine wanatumia korelesheni pasho (kwa Kiingereza partial correlation), wanatoa kwanza mchango wa sehemu zingine zote ndo wanaangalia kama hizo mbili bado zinaenda pamoja. Na kichwa kikitikisika kidogo tu, hata chini ya milimita moja, laini za uongo zinajitokeza, na watoto ndo hawatulii kabisa, kwa hiyo kuanzia 2012 baadhi ya yaliyosemwa kuhusu ubongo wao yakabidi yaangaliwe upya.

Halafu kuna wingi. Ramani moja inayotumika sana ina sehemu 360, ukizipanga mbili mbili unapata jozi 64,620, ukikubali kukosea asilimia 5 tayari una laini zaidi ya 3,200 za bahati nasibu! Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki samoni kwenye mashine, amekufa, wakamwonesha picha za watu, na bila kurekebisha hesabu kwa ajili ya wingi huo wa vipimo ubongo wake "ukawaka" (walipewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel 2012).

Mwulize mdogo wako hiyo picha yake hesabu zilirekebishwaje, na waliotikisa kichwa walifanywaje.