Maswali na Majibu: Boti yangu ya mbao inavuja, niivishe faiba?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilinunua boti ya starehe ya zamani, futi 38, iliyoundwa mwaka 1962. Mbao zake ni msaji, zimepigiliwa kwenye mataruma (mbavu za ndani za boti) kwa misumari na skurubu, na injini zote mbili nimeshazifungua na kuzitengeneza. Ilikuwa inavuja kidogo, nikaipandisha nchi kavu hapa Kilifi mwezi wa Januari. Fundi wa kwanza aliziba nyufa zote kwa puti ngumu na silikoni. Tulipoishusha mwishoni mwa Machi ikavuja kuliko mwanzo, na mataruma mawili yakapasuka. Sasa imerudi juu. Fundi wa pili anasema tuivishe faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa rezini) nje nzima, wiki tatu kazi imekwisha, na sitasikia tena habari ya maji. Je, mikeka mingapi ya faiba inatosha, na tutumie rezini ya poliesta au ya epoksi? Pesa nyingi zimeshakwenda na nyumbani wameanza kuniuliza.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Mikeka ni mingapi? Usiweke hata mmoja.

Swali hili linanifikia kila mwaka, na kila mara nyuma ya muulizaji yupo mtu mwenye pipa la rezini na haraka ya malipo ya kwanza. Wewe angalau umeuliza kabla. Wengi huja kwangu faiba ikiwa imeshakauka.

Chombo cha mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu na kukalafatiwa, yaani mianya yake kuzibwa kwa pamba, hakikai kimya. Ubao ukinywa maji huvimba kwa upana, ukikauka hunywea, na kwa urefu karibu haubadiliki. Hapo ndipo kalafati inapofanya kazi: pamba imekaa kwenye mfereji, mbao zinavimba na kuibana, maji yanakatika. Faiba haijui kupanuka na kunywea hivyo. Ukiigandisha juu ya mbao zinazotembea, itapasuka, na itapasuka palepale penye mstari wa kalafati, kwa sababu hapo ndipo mwendo ulipo. Tena mbao zako ni msaji. Msaji una mafuta yake wenyewe, ndiyo maana umedumu miaka yote hiyo, na mafuta hayohayo huifanya poliesta isishike. Epoksi hushika vizuri zaidi ukiifuta mbao kwa asetoni kwanza, lakini kushika kwake hakuzuii mbao kutembea.

Ufa wa faiba ni mwembamba, hata ukucha hauingii. Maji yanaingia. Kutoka hayatoki.

Niliwahi kuitwa Mtwapa kuangalia chombo kilichovishwa faiba miaka mitatu kabla. Kwa nje kiling'aa kama sahani. Nikakigonga kwa mpini wa nyundo kuanzia omo (mbele) kwenda shetri (nyuma): mlio mkavu, mkavu, halafu mlio mzito kama wa gunia lenye unga. Nikakata dirisha la upana wa kiganja. Faiba ikatoka kwa vidole, kama ganda la muhogo uliochemshwa, na maji ya kahawia yakatiririka hadi kwenye kiwiko changu. Nikasukuma bisibisi kwenye ubao. Ikazama mpaka kwenye mpini, bila nguvu. Harufu ilikuwa ya uyoga. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na mwanawe, na hakuna aliyesema neno. Kilichookolewa pale ni injini, usukani na rafadha (propela).

Chako hakijafika huko, na sitaki kifike.

Sasa yale mataruma mawili. Hayakupasuka kwa uzee peke yake. Kati ya Januari na Machi boti ilikaa kwenye jua la kaskazi, mbao zikanywea, nyufa zikafunguka. Fundi akaona nafasi, akaijaza kitu kigumu. Mlipoishusha, mbao zikataka kurudi kwenye upana wake, zikakuta nafasi imekaliwa. Zikasukumana, na kitu cha kwanza kushindwa kikawa taruma. Chombo kilichokauka hufunikwa, hulowanishwa kwa magunia yenye maji ya chumvi, hupewa muda, ndipo mtu achukue pamba. Hili wazee wa Lamu hawakuhitaji kitabu kulijua.

Ila na mimi naona kwamba uvujaji wako wa mwanzo, ule wa kabla ya puti, haukuwa wa kalafati hata kidogo. Boti ya 1962 ina misumari, skurubu na bolti za umri huohuo. Anza kwa kukagua bolti za mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Ng'oa tatu: ya mbele, ya kati, ya nyuma. Usizitazame kichwani wala kwenye nati, kwani pale huwa nzima. Tazama kiuno, pale bolti inapopita kwenye kiungo cha mbao mbili. Nimeng'oa bolti nene kama kidole gumba ambazo kiunoni zilibaki kama penseli. Skurubu za shaba ya njano nazo zikiwa za rangi ya waridi ukizikwaruza, zinki imeshatoka ndani yake na zitakatika kwa mkono. Chombo ambacho misumari yake imelegea kinajipinda kila wimbi, na hakuna pamba itakayotulia mahali pake.

Na unapobadilisha, usichanganye madini ovyo. Jeshi la majini la Uingereza lililipia somo hili mapema: mwaka 1761 liliivisha meli yake HMS Alarm mabamba ya shaba kuizuia isiliwe na wadudu wa baharini, na meli ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Iliyopona ni ile iliyotenganishwa na shaba kwa karatasi ya kufungia iliyosahaulika pale. Kama boti yako ilipigiliwa bronzi, rudishia bronzi. Steinlesi wanayokuuzia dukani ni nzuri juu ya sitaha penye hewa. Ikizikwa ndani ya ubao mlowevu, isipate hewa, huliwa kwa vishimo usivyoviona.

Jambo jingine ambalo fundi wa faiba hatakwambia: uozo kwa kawaida hutoka juu. Maji ya bahari huichelewesha kuvu; maji ya mvua huilisha. Kuvu huanza kupata maisha unyevu wa mbao ukipita kama asilimia 20, na sitaha inayovuja hufikisha hapo bila shida, nyuma ya kabati, chini ya madirisha, kwenye vichwa vya mataruma. Ukiifunga boti kwa nje na mvua inaingia kwa juu, umetengeneza tangi.

Utaratibu basi. Wiki hii, turubai juu ya boti nzima, iachie hewa ipite pande zote mbili. Kisha magogo chini ya mkuku, mengi, kwa sababu uzito wote lazima ulale kwenye mkuku. Nguzo za ubavuni ni za kuzuia kuyumba tu. Vuta kamba kutoka omo hadi shetri uone kama mkuku umepinda. Watu hulidharau hili. Sequoia, boti ya mbao ya futi 104 iliyoundwa mwaka 1925 na kutumiwa na marais wa Marekani mpaka Carter alipoiuza mwaka 1977, haikuharibiwa na dhoruba. Iliharibikia juu ya nchi kavu huko Virginia. Mwaka 2016 jaji wa Delaware aliandika kwamba imekaa juu ya vishikizo visivyotosha, inaoza, na wanyama wa porini wamehamia ndani. Mwaka 2019 ilibidi ipakiwe juu ya tishari ipelekwe Maine kwa mafundi wa mbao.

Ukimaliza hapo, mataruma. Weka jipya kando ya lililopasuka, moja moja, na usibandue mbao nyingi kwa pamoja, la sivyo umbo litakukimbia. Kiungo cha ubao kikatwe mshazari: ubao wa milimita 25, kiungo kisipungue milimita 200, na kwa epoksi nenda hadi 300. Misumari na bolti baadaye, kalafati mwisho kabisa. Si kazi ya wiki tatu. Kwa boti yako nahesabu msimu mzima, na pesa utazitoa kidogo kidogo, jambo ambalo pengine hata nyumbani watalielewa.

Siichukii faiba. Boti ya plaiwudi, au ile ya vipande vilivyogundishwa kwa epoksi tangu siku ya kwanza, huvishwa vizuri na kudumu, kwa kuwa ganda lake ni moja. Ninachokikataa ni faiba kama sanda ya chombo kinachoumwa. Ni sawa na ile dawa ya kumimina kwenye ubao uliooza "ukawa kama jiwe": juu jiwe, ndani unga, na skurubu haina pa kushika. Wanaouza vitu hivi hawarudi kukiona chombo baada ya masika ya pili.

Na ninyi mnaotaka kununua boti ya zamani, mkikuta ya mbao za kupanga imevishwa faiba, ulizeni imevishwa lini na kwa sababu gani. Nendeni na nyundo na bisibisi, mgonge kila futi, mtazame ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) baada ya mvua na si baada ya kudekiwa, na muombe ruhusa kwa maandishi ya kung'oa bolti moja ya mkuku kwa gharama zenu. Muuzaji akikataa, msijadiliane hata bei. Ondokeni.