Mhusika wa gemu anayejiamulia mwenyewe, bila kuandika msimbo wa kompyuta

Swali lilikuwa zana ipi itamfaa asiyejua kuandika msimbo, anayetaka wahusika wanaozurura na kumkimbiza mchezaji wakimwona. Chukua Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu, maana mti wa tabia (mchoro wenye matawi unaoamua mhusika afanye nini) umo tayari ndani yake. Unity 6 ina kifurushi chake cha kuchora tabia, nacho kizuri. Godot itakulazimu uongeze programu-jalizi.

Kwanza sakafu. Weka Nav Mesh Bounds Volume (kisanduku cha kuonyesha eneo wahusika wanapoweza kutembea), itanue ifunike eneo lote, kisha bonyeza P. Pasipopakwa kijani hapapitiki.

Kwenye mti, nodi (kituo cha uamuzi) ya Selector hujaribu matawi kuanzia kushoto na kusimama kwenye la kwanza litakalofaulu. Kwa hiyo kukimbiza kukae kushoto, kuzurura kulia. Tawi la kukimbiza lipe sharti: ufunguo wa shabaha kwenye Blackboard (kumbukumbu ya mhusika, hapa mahali pa kuweka anayemkimbiza) uwe na thamani. Kisha, na hapa ndipo wengi hukwama, Observer Aborts (mpangilio wa sharti hilo, unaoruhusu kazi inayoendelea kukatizwa) iwe Both. Ukiiacha None, mhusika atakuona lakini ataendelea na matembezi yake mpaka afike, ndipo ageuke.

Macho ndiyo yenye vituko zaidi. Ongeza AI Perception (hisi za mhusika) kwenye kidhibiti chake, yaani AI Controller inayomwendesha, uchague kuona. Umbali wa kuona kwa kawaida ni 3000, wa kupoteza 3500. Vipimo ni sentimita, yaani mita 30 na 35. Usivifanye viwe sawa: mchezaji akisimama mpakani, mhusika ataona na kusahau, ataona na kusahau, atetemeke kama mwenye homa. Halafu weka tiki kwenye Detect Neutrals. Mchezaji asiyepewa timu hahesabiwi adui wala rafiki, hivyo bila tiki hiyo mhusika ni kipofu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia. Mchezaji akipotea machoni, futa thamani ya ule ufunguo wa shabaha, la sivyo atafukuzwa milele.

Kama uliyemweka kwa mkono anafanya kazi ila wanaozaliwa gemu likiendelea wamesimama kama sanamu, tatizo si mti. Badili Auto Possess AI (mpangilio wa mhusika unaoamua lini apewe kidhibiti chake) iwe Placed in World or Spawned.

Ukishindwa kujua kasoro iko wapi, endesha gemu na bonyeza alama ya ritifaa ('): utaona tawi analotekeleza na anachokiona wakati huohuo.