Kontrola ya waifai ndani ya NAS: maswali na majibu

Wiki mbili zilizopita niligusia kwamba kontrola ya waifai ya nyumbani kwangu (programu inayosimamia akses pointi, vile vifaa vinavyorusha waifai) haiko kwenye kiboksi cha kununua wala kwenye laptopu. Iko ndani ya kontena la Docker (programu iliyofungwa peke yake pamoja na vyote inavyohitaji), kwenye NAS, yaani kompyuta ndogo ya kuhifadhi mafaili, ileile inayotunza picha za familia. Tangu siku hiyo simu haijatulia. Nimechukua maswali yanayojirudia zaidi, nikayafupisha.

Tuna akses pointi tatu za chapa ya UniFi. Fundi aliyezifunga aliweka kontrola kwenye laptopu yake na sasa hapatikani. Waifai inashika vizuri, ila nikitaka kubadilisha nenosiri sina pa kuingilia. Nasikia NAS yangu ya Synology inaweza kubeba kazi hiyo. Ni kweli? – Dada wa Tabata

Ni kweli, dada, na pole sana. Hali yako naikuta kila mara. Akses pointi hazihitaji kontrola ili kurusha waifai; zinashika maagizo ya mwisho zilizopewa na kuendelea nayo hata miezi. Kontrola ndiyo daftari. Humo ndimo yalimo majina ya mitandao, manenosiri, chaneli, na ufunguo wa kuingilia kila kifaa. Fundi akiondoka na laptopu, ameondoka na daftari lako, na kwangu hilo si jambo dogo. Mteja aliyelipia kazi anastahili kukabidhiwa kila kitu, kama anavyokabidhiwa funguo za milango nyumba ikiisha.

Mtafute kwanza kupitia kwa yule aliyekuelekeza kwake. Akipatikana, mwombe faili moja tu la nakala rudufu, lile linaloishia na .unf. Utalipakia kwenye kontrola mpya, kisha utazielekeza akses pointi kwenye anwani mpya kwa njia niliyoieleza kwenye jibu linalofuata. Asipopatikana, bonyeza kitufe kidogo cha nyuma cha kila kifaa kwa pini, sekunde kumi hivi, mpaka taa ibadilike. Mipangilio yote itafutika na utaanza upya. Kwa vifaa vitatu ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu umeme: NAS ya diski mbili ikiwa kazini hula kama wati 15 hadi 20. Tuhesabu 20, saa 24, siku 30: ni uniti 14.4 za LUKU kwa mwezi. Wewe hizo unazilipa tayari kwa sababu ya picha, na kontena haliongezi cha kuonekana. Ila kwa msomaji anayetaka kununua NAS kwa ajili ya kontrola pekee, na yuko kwenye ile ruzuku ya umeme ya D1, ya watumiaji wadogo, isiyotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, uniti 14 ni nyingi. Sitamshauri anunue.

Nimefuata maelekezo yote, kontrola inafunguka vizuri kwenye mlango wake wenye namba, poti 8443. Lakini akses pointi zinabaki zimeandikwa "Adopting" (zinapokelewa) saa nzima, halafu zinapotea. Nimebadilisha waya, nimebadilisha hata swichi. – Kaka wa Kimara

Waya zako ni nzima, kaka. Rudisha na hiyo swichi. Hili ndilo tatizo linalowakatisha watu tamaa kuliko yote, wakati dawa yake ni ya dakika mbili.

Kontena likiwashwa kwa kawaida yake, Docker hulipa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 172.17. Kontrola haijui kwamba iko ndani ya kontena. Inaamini hiyo ndiyo anwani yake. Akses pointi ikijitambulisha, kontrola huijibu: "Kuanzia leo nitafute kwenye 172.17.0.2." Ni sawa na mpangaji anayemwelekeza mgeni kwa kusema "niko chumba cha pili kushoto" bila kumwambia ni nyumba gani, mtaa gani. Akses pointi iko nje, kwenye mtandao wako wa 192.168, na chumba hicho hakionekani kutoka nje. Inahangaika kutafuta, kisha inakata tamaa.

Ingia kwenye mipangilio ya mfumo ya kontrola, tafuta sehemu iliyoandikwa Inform Host, iwashe uandike anwani ya NAS yenyewe, tuseme 192.168.1.10. Hakikisha ruta imeifungia NAS anwani hiyo isibadilike, la sivyo tutaonana tena mwezi ujao. Halafu ingia kwenye kila akses pointi kwa SSH, yaani kwa kuiandikia amri kupitia mtandao. Iliyorudishwa kiwandani jina lake ni ubnt na nenosiri ni ubnt. Andika:

set-inform http://192.168.1.10:8080/inform

Rudi kwenye kontrola, kubali kifaa, na kikigoma andika amri hiyo mara ya pili. Poti ambazo lazima uwe umezitoa nje ya kontena ni 8080 ya TCP (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data), ambayo vifaa huitumia kuongea na kontrola, 8443 ya kwako wewe kuingilia, na 3478 ya UDP. Ile ya 10001 ya UDP ni ya kugundua vifaa vipya, lakini mbiu hiyo huwa haivuki ukuta wa mtandao wa ndani wa Docker. Ndiyo maana napendelea amri ya mkono kuliko kusubiri kifaa kijitokeze chenyewe.

Ukitaka kujiepusha na SSH kwa vifaa vijavyo, weka kwenye DNS ya ruta (orodha inayogeuza majina kuwa anwani) jina "unifi" lielekee kwenye NAS. Kifaa kipya hulitafuta jina hilo chenyewe.

Kontena la hifadhidata linawaka na kuzima, linawaka na kuzima. Logi zinasema kitu kuhusu AVX. NAS yangu siyo ya zamani! – Msomaji, Mbezi Beach

Umri wa NAS hauhusiki hapa. MongoDB, ile hifadhidata ambayo kontrola ya UniFi huandikia kila kitu, kuanzia toleo 5.0 inadai prosesa yenye AVX, aina ya maelekezo ya kukokotoa yaliyojengwa ndani ya prosesa. NAS nyingi za nyumbani zina Celeron J4125 au ndugu zake, na hizo hazina AVX hata zikiwa zimetoka dukani Kariakoo jana. Weka imeji (kifurushi ambacho kontena hutengenezwa nacho) ya MongoDB 4.4. Toleo hilo halipati tena marekebisho kutoka kwa watengenezaji tangu 2024, kwa hiyo usilitolee poti yoyote nje. Liongee na kontrola tu, ndani ya mtandao wao wa Docker.

Watu wanakwama hapa kwa sababu ya maelekezo ya zamani. Imeji ya linuxserver, kundi linalotengeneza imeji za bure, iliyokuwa na kila kitu ndani, unifi-controller, iliachwa rasmi Januari 2024. Iliyochukua nafasi yake, unifi-network-application, inataka hifadhidata iwe kontena la pembeni. Ukifuata video ya 2022, utapotea.

Na mtego mmoja zaidi: faili la kuanzishia hifadhidata, lenye jina la mtumiaji na nenosiri lake, husomwa mara moja tu, folda ya hifadhidata ikiwa tupu. Ukikosea nenosiri ukalirekebisha baadaye, hakuna kinachobadilika. Kama bado hujaweka mipangilio yoyote, zima makontena yote mawili, toa vitu vyote kwenye folda zao, uanze tena.

NAS yangu ni QNAP. Kontena linakataa kuwaka, linasema poti 8080 inatumika. – Kaka wa Sinza

QNAP hutumia 8080 kwa ukurasa wake wenyewe wa usimamizi. Hamisha huo ukurasa wa QNAP uende poti nyingine, uache 8080 kwa ajili ya kontrola. Njia ya kinyume inawezekana ila itakubidi uihubirie kila akses pointi poti mpya.

Nikibonyeza kusasisha, NAS inasema itafuta kontena na kulitengeneza upya. Mipangilio yangu itaenda wapi? Naogopa kugusa. – Dada wa Kigamboni

Woga wako una msingi, na ungenisaidia mimi miaka ile. Nilikuwa nimemwekea ndugu yangu kontrola, vyumba kumi na moja, kila kimoja na jina lake kwenye ramani. Siku moja nikafuta kontena ili niweke jipya, na sikuwa nimeunganisha folda. Kila kitu kiliondoka. Nilitumia Jumamosi nzima kupanda ngazi na kubonyeza vitufe vya nyuma.

Unayajua maduka ya makontena yaliyojaa kando ya barabara zetu. Mwenye duka analala na bidhaa humohumo ndani, na winchi ikija kunyanyua kontena, inaondoka na kila kitu. Kontena la Docker limekusudiwa kunyanyuliwa wakati wowote, kwa hiyo bidhaa lazima zikae nje yake. Fungua maelezo ya kontena lako uangalie sehemu ya folda. Kwa imeji ya linuxserver, njia ya ndani ni /config, na inatakiwa iwe imeunganishwa na folda halisi ya NAS, kwa mfano docker/unifi. Kwa MongoDB njia ya ndani ni /data/db. Ukiziona zote mbili zimeunganishwa, futa kontena bila hofu. Usipoziona, simama hapohapo: ingia kwenye kontrola, pakua faili la .unf kwenye kompyuta yako, ndipo upange upya.

Usitumie lebo ya latest, ile inayoleta toleo jipya kila mara. Andika namba kamili ya toleo, kwa kontrola na kwa hifadhidata. Faili la .unf hurudi kwenye toleo lilelile au jipya zaidi, halirudi nyuma. Na MongoDB haipendi kurukishwa matoleo makubwa. Mimi husasisha mwenyewe, mchana, nikiwa nyumbani, baada ya kupakua nakala. Kusasisha kwa kujiendea usiku wa manane sikuruhusu.

Mwanangu, juzi umeme ulikatika mara mbili usiku mmoja. Asubuhi hifadhidata ikakataa kuwaka. Nirudi kwenye kile kiboksi cha kontrola cha kununua? – Mzee wa Upanga

Shikamoo mzee wangu. Kiboksi nacho kina hifadhidata ileile ndani yake, na kinakatikiwa umeme uleule. Tatizo si kontena, ni kuandika kulikokatishwa katikati.

Kwanza, usifute kitu. Zima kontena, nakili folda nzima ya hifadhidata pembeni, kisha mwombe kijana aiwashe MongoDB mara moja kwa amri ya --repair. Mara nyingi inaamka. Ikigoma, anza na folda tupu na urudishe .unf ya mwisho. Kontrola hujitengenezea nakala hizo kwa ratiba ukiiwashia, na kwenye imeji niliyoitaja zinakaa ndani ya data/backup/autobackup. Zinakiliwe zitoke nje ya NAS, kwenye diski ya USB au kwenye simu ya mtoto, kwa kuwa faili lenyewe ni dogo.

Halafu UPS (betri ya akiba), na hapa ndipo wengi wanapokosea: wananunua UPS, wanachomeka umeme tu. Ule waya wa USB wa nyuma lazima uende kwenye NAS, na uwashe huduma ya UPS kwenye mipangilio. Umeme ukikatika, NAS hupewa taarifa, huzima makontena kwa adabu na kufunga diski kabla betri haijaisha. Washa pia ule mpangilio wa NAS kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Joto letu hula betri za UPS haraka, basi kila baada ya miezi michache chomoa UPS ukutani uone inadumu dakika ngapi. Usiiweke juu ya kabati chini ya bati.

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba nane. Nataka kila mgeni apewe vocha ya waifai ya siku. NAS inatosha? – Mama wa Ubungo

Inatosha, mama, lakini kwako masharti yanabadilika. Nyumbani kontrola ikizimika hakuna anayejua. Kwenye vocha, ukurasa anaouona mgeni unatoka kwenye kontrola yenyewe, kwa hiyo ikizimika mgeni mpya haingii. UPS kwako ni lazima, na iishike ruta na swichi pia. Toa nje poti 8880 na 8843, na mtandao wa wageni usiweze kufika kwenye NAS kwa poti nyingine yoyote. Picha za ukoo na kadi za kamera hazitakiwi kuwa jirani na simu ya mpita njia.

Usiwaombe wageni majina na namba za simu kama vocha inatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ukikusanya taarifa za watu unabeba wajibu wa kuzilinda. Na kama unafikiria kuwauzia majirani vocha, hapo umeingia kwenye biashara ya intaneti. Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwanza ukaulize leseni.

Kazi yangu inanipeleka Dodoma mara kwa mara. Nifungue poti 8443 kwenye ruta ili niingie kutoka huko? – Kaka wa Tegeta

Hapana, kaka. Desemba 2021 lilipofichuka lile tundu la usalama la Log4j (kipande cha programu kilichomo ndani ya programu nyingi), kontrola ya UniFi ilikuwa miongoni mwa programu zilizoathirika. Mshambuliaji hakuhitaji nenosiri. Alituma maandishi fulani kupitia ukurasa wa kuingilia, akaendesha amri zake ndani ya seva. Toleo 6.5.54 lilitoka mara moja, lakini aliyekuwa amefungua poti na hakusasisha siku ile alikuwa mlango wazi. Na NAS yako haina kontrola peke yake.

Tumia VPN, njia iliyofungwa ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali. Ruta yako ikiwa na WireGuard (aina ya VPN) na anwani ya umma, vizuri. Kama mtoa huduma wako anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kufungua poti kusingekusaidia hata hivyo. Weka Tailscale, VPN isiyohitaji kufungua poti, kwenye NAS na kwenye simu, utaingia ukiwa Dodoma kama uko sebuleni.

Haya yote ni UniFi. Sisi wenye Omada, akses pointi za TP-Link? – Msomaji, Mbagala

Mantiki ni moja: folda nje ya kontena, toleo lililoandikwa kwa namba, anwani ya NAS isiyobadilika. Poti ndizo tofauti: unaingilia 8043, vifaa hugunduliwa kwa 29810 ya UDP, na huongea na kontrola kwa TCP kuanzia 29811 hadi 29814, matoleo mapya yameongeza nyingine juu ya hizo, zisome kwenye maelezo ya imeji unayopakua. Kama vifaa havionekani, endesha kontena kwa mtandao wa host, ili litumie anwani ya NAS moja kwa moja.