Kabla hujahesabu wagonjwa wa Marburg, soma tarehe zao

Wenzangu mnaoanza kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa, swali mtakaloulizwa kuliko yote ni hili: "Wamefika wangapi?" Mkuu wa wilaya atauliza, waandishi wa habari watauliza, na nyumbani mtaulizwa. Jibuni, ni haki yao. Ila ninyi wenyewe msipimie hatari kwa idadi hiyo. Kwenye Ebola na nduguye Marburg idadi huchelewa, tarehe hutangulia.

Chukueni orodha ya wagonjwa, tazameni siku dalili zilipoanza na siku mgonjwa alipotengwa. Mlipuko unaishi katikati ya siku hizo mbili. Mgonjwa wa siku ya kwanza ana homa na kichwa kinamuuma, kama mwenye malaria. Wa siku ya saba anatapika, anaharisha, ananyanyuliwa na kuogeshwa na ndugu zake, na majimaji ya mwili wake yamejaa virusi. Akifia hapo nyumbani, maiti inaoshwa, na watu wengi zaidi wanaigusa. Muda huo ukipungua kutoka siku saba hadi mbili, mnashinda, hata kama wagonjwa wapya bado wanapatikana. Ukiongezeka, ogopeni, hata kama wiki hii amepatikana mmoja tu. Wala msisubiri damu: wengi hawatoki damu kabisa, na wanaotoka huwa wameshazidiwa.

Halafu ulizeni kama huyu mgonjwa mpya alikuwa kwenye orodha ya waliotangamana na mgonjwa mwingine. Kama alikuwemo na alikuwa akipimwa joto kila siku, mnajua alikoupata. Kama hakuwemo, yupo mgonjwa mahali fulani ambaye hamjamwona. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), Agosti 2018 ulidumu hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki, na chanjo ilikuwepo. Vita na kutoaminiana vilichangia sana. Lakini kwa mfuatiliaji, dalili ilionekana mapema kwenye makaratasi: wagonjwa wengi walijitokeza bila kuwa kwenye orodha yoyote, na wengine walijulikana wakiwa tayari wamekufa.

Jambo linalowachanganya wengi ni asilimia ya vifo. Bukoba, mkoani Kagera, Tanzania, Machi 2023, waliugua Marburg watu 9 wakafa 6. Rwanda, kuanzia Septemba 2024, waliugua 66 wakafa 15. Biharamulo, Kagera hiyohiyo, Januari 2025, walihesabiwa 10 na wote walikufa. Mgeni atasema kirusi cha Biharamulo kilikuwa kikali zaidi. Tazameni tena: wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara. Wale wanane walikufa kabla ugonjwa haujathibitishwa, wakaingizwa kwenye hesabu baadaye. Asilimia mia moja hapo inaeleza tulivyochelewa kuona, na yawezekana wapo waliougua wakapona bila kuandikwa popote. Rwanda walipima watu wengi, waliwapa wagonjwa dawa ya remdesivir na uangalizi wa karibu wa wodi za mahututi. Hata hivyo nao wana somo lao chungu: wengi wa wagonjwa wao walikuwa wahudumu wa afya. Maana yake kirusi kilikuwa kimeshaingia wodini kabla mtu hajakitambua. Kwa hiyo mkisikia muuguzi mmoja ana homa kali baada ya kumhudumia mgonjwa aliyekufa bila ugonjwa wake kujulikana, hiyo ni taarifa ya kupigiwa simu usiku huohuo, si ya kungoja ripoti ya wiki.

Majibu ya maabara yasomwe pamoja na tarehe vilevile. Sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku tatu za mwanzo inaweza kutoka hasi kwa mtu mwenye virusi. Mwacheni mgonjwa kwenye chumba cha kutengwa, mchukueni sampuli tena baada ya saa 72 tangu dalili zianze. Mtasukumwa mumruhusu. Kataeni kwa adabu.

Na mkisoma kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka hatari juu kitaifa na kikanda lakini chini kidunia, kama lilivyofanya kwa Biharamulo, msidhani ni kujipinga. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Watu wanavuka kwenda mnadani na msibani. Swali la ngazi ya kanda ni nani anavuka, na je, zahanati ya upande wa pili imeambiwa?

Mlipuko hutangazwa umekwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Waliopona, hata hivyo, endeleeni nao. Kirusi kinaweza kubaki kwenye shahawa kwa miezi mingi, na mlipuko wa Guinea wa 2021 ulitokana na virusi vilivyobaki kwa mtu aliyenusurika kwenye janga la 2014 hadi 2016. Watembeleeni, wapeni kondomu na vipimo, na mkienda kwao msipeleke gari lenye maandishi ya Ebola au Marburg ubavuni. Majirani wanasoma.