Je, Hanni Ndiye Aliyechonga Miamba ya Izeh?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba michongo ya kale iliyo miambani katika bonde la Izeh, nchini Iran, ni kazi ya Hanni, mfalme wa Elamu, dola ya kale ya kusini-magharibi mwa Iran. Je, ni kweli? Na watu waliochongwa humo wanafanya nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli nusu tu. Hanni hakuwa mfalme wa Elamu bali mtawala wa Ayapir, jina la zamani la sehemu hiyo ya milima ya Zagros, na katika maandishi yake mwenyewe anamtaja Shutur-Nahhunte kuwa ndiye mfalme. Aliishi katika karne ya 7 au ya 6 KK.

Ipo michongo iliyo yake bila shaka. Katika korongo la Kul-e Farah, kaskazini-mashariki ya mji wa Izeh, amechongwa akiwa mkubwa kuliko wote, pamoja na wahudumu, wapiga ala za muziki na kondoo waliochinjwa, na mwamba huo una mistari 24 ya mwandiko wa kikabari (alama zenye umbo la kabari) kwa lugha ya Kielamu. Shekaft-e Salman, penye pango upande wa pili wa bonde, mambo ni mengine. Wataalamu wengi huona kwamba michongo ya huko ilikuwapo karne kadhaa kabla yake; alichofanya Hanni ni kuongeza maandishi, akaandika jina lake na la mkewe Huhin juu ya picha za watu ambao hawakumjua. (Ni sawa na mgeni anayeandika jina lake chini ya picha ya babu wa mwenye nyumba.) Ndiyo maana kitabu kinachosoma jina la Hanni na kudhani papo hapo kwamba picha nayo ni yake hukosea.

Ama shughuli yao, ni ibada. Kati ya michongo 6 ya Kul-e Farah, mmoja una watu zaidi ya 100 waliopangwa safu juu ya safu, wengi wao wakiwa wameinua mkono kinywani kana kwamba wanakula tonge, huku mfalme ameketi kitini. Hiyo husomwa kuwa karamu ya kidini baada ya kafara. Kwingine mtu mkubwa amebebwa juu ya jukwaa, akifuatwa na msafara wa waumini.

Hanni hakusahau kuwalaani wote watakaoiharibu sanamu yake, pamoja na ile ya Shekaft-e Salman aliyoikuta.