Maswali ya Wasomaji: Berlin ilifungwa barabara, anga ikaachwa

SWALI: Mwaka 1945 Wasovieti, Wamarekani na Waingereza walimshinda Hitler pamoja. Ilikuwaje miaka mitatu baadaye Berlin ikazingirwa? Na kwa nini ndege hazikuzuiwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Baada ya vita Ujerumani iligawanywa kanda nne: ya mashariki ya Wasovieti, na tatu za magharibi za Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Berlin ilikuwa ndani ya kanda ya Wasovieti, nayo ikagawanywa vivyo hivyo. Ugomvi ulikuwa umeshaiva, ila kilichouwasha ni noti. Marki ya zamani, fedha ya Ujerumani, ilikuwa imechakaa thamani hadi watu wakanunuliana vitu kwa sigara. Tarehe 20 Juni 1948 kanda tatu za magharibi zikatoa marki mpya. Kila mtu alibadilishiwa 60 kwa 60, akapewa 40 kwanza na 20 baadaye. Wasovieti wakaona hatari: noti zilizokufa magharibi bado zilikuwa halali kwao, zingemiminika mashariki zikombe bidhaa madukani. Kwa haraka wakabandika stempu juu ya noti zilezile kuukuu, wananchi wakazibeza kuwa ni marki za karatasi za ukutani. Tarehe 24 Juni wakafunga reli, barabara na mifereji ya kuingia magharibi mwa Berlin, wakisingizia hitilafu za kiufundi.

Anga ilinusurika kwa sababu ya maandishi. Novemba 1945 pande zote zilikubaliana kwa karatasi juu ya njia tatu za ndege, kila moja upana wa kilomita 32. Ya barabara yalibaki maneno ya mdomo, na hilo, kwa maoni yetu, ndilo kosa kubwa la majenerali wa magharibi. Barabara unaifunga kwa kizuizi tu. Ndege huizuii ila kwa kuitungua, na hiyo ingekuwa vita.

Magharibi mwa Berlin palikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, na nchi za magharibi zikaamua kuwapelekea mahitaji kwa ndege; hesabu ya kuanzia ilikuwa tani 4,500 kwa siku. Ndege ya mizigo ya Kimarekani, C-54, ilibeba karibu tani 9. Kwa hiyo zilitua kila baada ya dakika 3 hivi, na rubani aliyekosa kutua mara ya kwanza alirudi na mzigo wake, maana akizunguka angani anavuruga foleni nzima. Theluthi mbili ya shehena ilikuwa makaa ya mawe.

Chumvi ndiyo iliyosumbua: inakula bati na nyaya za ndege. Waingereza wakaipakia kwenye ndege za Sunderland, zinazotua majini na zilizokingwa dhidi ya maji ya bahari, zikawa zinatua kwenye Mto Havel, Berlin. Desemba maji yakaganda. Chumvi ikahamishiwa kwenye makasha yaliyofungwa chini ya matumbo ya ndege za Halifax.