Kompyuta ya lifti huamini inachoambiwa: kwa mafundi wapya wa lifti za destinesheni

Wadogo zangu, kuna jambo linachosha kulitazama. Fundi anafika kwenye jengo saa moja na nusu asubuhi, anakuta foleni mapokezi, anafungua laptopu na kuanza kubadilisha vigezo vya dispacha, kompyuta inayogawa watu kwenye lifti, kabla hajapanda hata lifti moja. Limetokea tena hapa Dodoma. Wawili wameinamia skrini, watumishi wamejaa nyuma yao wanachelewa kazini, na mlango wa lifti C unafunga, unakwama, unafunguka tena, mara tatu mfululizo, kwa sababu ya mchanga kwenye mfereji wa kizingiti. Hakuna aliyegeuka kuutazama.

Wazo la destinesheni, yaani mtu kuchagua ghorofa kabla ya kupanda, ni la mhandisi Leo Port wa Sydney, mwaka 1961. Lilikwama kwa sababu rilei (swichi za umeme) za enzi zile hazikuiweza hesabu yake. Miaka ya 1990 kampuni ya lifti ya Schindler waliliingiza sokoni kwa mfumo wa Miconic 10, kompyuta zikiwa zimekomaa. Siku hizi hesabu si tatizo. Tatizo ni kwamba dispacha haoni watu. Anajua tu alichoambiwa: watu wangapi, wako mbali kiasi gani, kabini ina uzito gani, mlango unachukua sekunde ngapi. Mkimdanganya katika moja, atagawa lifti vibaya kwa uaminifu mkubwa, na laptopu haitawaonyesha kosa lolote.

1. Mbonyezo si mtu. Ugeni wa watu wanane unaingia, mwenyeji wao anabonyeza 9 mara moja, wote wanamfuata lifti B. Dispacha amehesabu mtu mmoja, kwa hiyo amempangia B wengine kumi na mmoja. Upande wa pili kuna kijana mwenye haraka anayebonyeza 9 mara tano, na sasa kuna abiria hewa wanne waliotengewa nafasi. Washeni kitufe cha kundi kama kioski (kile cha mapokezi ambapo mtu hubonyeza ghorofa na kupewa herufi ya lifti) kinacho, na wekeni sekunde chache za kupuuza mbonyezo unaorudiwa. Halafu, wiki mbili za kwanza, mwombeni mwenye jengo aweke mtu pale mapokezi. Maneno yake yasizidi haya: "Shikamoo mzee. Bonyeza ghorofa unayokwenda, soma herufi, simama mbele ya herufi hiyo." Bango la karatasi halifanyi kazi hiyo. Mzee akishaingia kabini akakuta hakuna vitufe vya ghorofa, bango lipo nje na yeye yupo ndani.

2. Muda wa kutembea. Pimeni kwa utepe kutoka kila kioski hadi kila mlango. Mita 12 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde ni sekunde 12, na mwenye mkongojo anahitaji zaidi. Mkiacha thamani ya kiwandani ya sekunde nne au tano, mlango unafungwa mtu akiwa njiani, anarudi kubonyeza upya, na hesabu ya namba 1 inaharibika tena. Kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu kijaribiwe peke yake: kinatakiwa kutoa lifti ya karibu, sauti, na mlango unaosubiri zaidi.

3. Uzito. Hapa lazima tukae, kwa sababu kosa hili ni letu sisi tuliowatangulia, na tumelifanya kwenye zaidi ya jengo moja.

Lifti inafungwa, inapimwa, mkaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) anaridhika. Chukua kabini yenye kilo 1,200 ikiwa tupu, inayobeba kilo 1,000, yaani watu 13. Kauntaweiti, mzigo wa kusawazisha ulio upande wa pili wa kamba, ni kilo 1,700: uzito wa kabini pamoja na nusu ya mzigo. Sensa ya uzito inasoma sifuri. Miezi miwili baadaye mwenye jengo anamleta fundi wa mapambo. Sakafu ya granaiti ya milimita 20 ni kama kilo 54 kwa mita ya mraba, na kwa kabini ya mita za mraba 2.3 hizo ni kilo 124. Kioo cha milimita 6 ukutani, mita za mraba nne, kilo 60. Vishikizo na fremu, kilo 16. Jumla kilo 200. Hakuna anayetupigia simu. Tunapokuja kwa sevisi tunasifia jinsi kabini inavyong'aa, tunasaini kitabu, tunaondoka.

Tangu siku ile kabini tupu inamwambia dispacha kwamba imebeba kilo 200. Kikomo cha kupita ghorofa bila kusimama kipo asilimia 80, yaani kilo 800, na sasa kinafikiwa ndani kukiwa na kilo 600 tu. Kwa kilo 75 kwa mtu, watu 10 wamekuwa 8. Kengele ya kuzidi uzito iliyowekwa kilo 1,100 inalia baada ya kilo 900 halisi, kwa hiyo mtu wa 13 anashushwa wakati kibao ukutani kinasema 13. Malalamiko yakaja. Tukapandisha kikomo kutoka 80 hadi 100, foleni ikapungua, tukashukuriwa. Baadaye mmoja wetu akaona sensa imehama. Akairudisha sifuri kabini ikiwa tupu, akarudisha kikomo asilimia 80, namba zote zikakaa sawa, jalada likafungwa.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na bado linauma. Sensa ilikuwa shahidi pekee wa zile kilo 200, na sisi tukamnyamazisha. Kabini sasa ina kilo 1,400 na kauntaweiti ni ile ile ya 1,700, kwa hiyo urari (sehemu ya mzigo inayosawazishwa na kauntaweiti) umeshuka kutoka asilimia 50 hadi 30. Kabini ikijaa, tofauti ya pande mbili si kilo 500 tena, ni 700. Asubuhi, ambapo kabini hujaa wakati wa kupanda, invata, kifaa kinachoendesha mota, inazidiwa na kukata. Ikishuka imejaa, breki inahitaji umbali mrefu zaidi kuisimamisha. Umeme ukikatika na mtu akaachia breki kwa mkono ili aokoe abiria, kabini inaondoka kwa kasi asiyoitegemea. Watu walipanda kabini hizo kila siku huku karatasi zetu zikisema ziko salama. Hakuna aliyeumia, lakini sifa hiyo si yetu.

Utaratibu ni huu, na mfuatano wake usivurugwe. Anzeni na nyaraka za kiwanda: kabini inaruhusiwa kuongezewa kilo ngapi? Sefti gia (breki ya dharura inayobana reli), kamba, mashine na bafa (kizuio cha chini ya shimo la lifti) vyote vina kikomo cha uzito wa jumla. Kama kimepitwa, granaiti inatoka, hata kama iligharimu mamilioni. Kama hakijapitwa, pakieni mawe ya mizani 20 ya kilo 25 kabinini (kama kiwanda kinataka urari wa asilimia 45, mawe ni 18), endesheni juu na chini, someni mkondo wa mota pale kabini inapopishana na kauntaweiti katikati ya shimo. Kupanda na kushuka visome sawa. Visipolingana, ongezeni matofali ya kauntaweiti hadi vilingane. Halafu breki: mawe 50, yaani asilimia 125, kabini bila mtu ikishuka kwa kasi kamili, umeme unakatwa, na breki peke yake iisimamishe. Sensa inafuata mwishoni: sifuri ikiwa tupu, ifundisheni mzigo kamili, hakikini na nusu mzigo, kisha jaribuni kengele ya kuzidi uzito.

Na kila sevisi, kabla ya kitu kingine chochote, kabini ikiwa tupu, someni kilo kwenye kontrola. Ni dakika moja. Namba ikiwa imehama, msiguse kitufe cha sifuri mpaka mjue kilichoongezeka ni nini.

4. Mlango. Tuseme mzunguko mmoja ni sekunde 120 wenye vituo sita. Kila mlango ukichelewa sekunde mbili, mzunguko unakuwa 132, na mmepoteza karibu sehemu moja ya kumi na moja ya uwezo wa jengo bila kigezo chochote kuguswa. Hapa kwetu kiangazi kizima ni upepo na vumbi. Vizingiti vifagiliwe kwa brashi ngumu na kunyonywa kwa mashine. Msipulize, vumbi litaingia shimoni na kukaa juu ya vifaa. Msipake mafuta mferejini, yakikutana na vumbi la Dodoma yanaganda kama ugali wa uwele. Futeni na macho ya sensa ya mlango.

5. Umeme. UPS (betri ya akiba) mnaipa kompyuta ya dispacha na kusahau swichi za mtandao na vioski. Jenereta linaingia, lifti ziko tayari, vioski vyote bado vinawaka taratibu kwa dakika kadhaa, na ndani ya kabini hakuna cha kubonyeza. Vyote vitatu viwe kwenye UPS moja. Na jaribuni hali ya dharura ya dispacha kwa kumzima kweli, siku ya Jumamosi, muone kila lifti inafanya nini ikiwa peke yake.

6. Kwa kuwa kabini haina vitufe vya ghorofa, aliyekwama ana kengele tu. Fungueni kifuniko cha paneli ya zimamoto (vitufe vilivyofichwa kwa ajili ya wazimamoto) na mjaribu funguo yake, kisha bonyezeni kengele mkiwa ndani na msubiri mtu aitike. Mara nyingi haitiki mtu: laini ya simu ya lifti imeishiwa salio, au ilisajiliwa kwa alama ya kidole ya fundi aliyeacha kazi, naye ameifunga. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi yenye jengo, na anayeweka salio ajulikane kwa jina. Akiitika, mwambieni, "Niko lifti D." Kama hajui D ni ya jengo gani, simu hiyo bado haijakamilika. Bandikeni anwani ya jengo mezani kwake kabla hamjaondoka.